Redio ya CB Haifiki Mbali: Kukagua Antena na Ethi ya Lori Hatua kwa Hatua

Dereva wa lori Marekani au Kanada akiona kwenye redio yake ya CB, ile ya kuongea na madereva wengine, hasikiki hata na lori lililo maili moja mbele, wazo la kwanza huwa ni kununua redio nyingine. Mara nyingi redio haina kosa. Redio halali za CB, za bei rahisi na za bei ghali, zinatoa wati 4 zilezile kwa AM. Tofauti iko nje ya redio: kwenye antena, kebo, na bodi ya gari.

CB ya Marekani inatumia masafa ya megahezi 26.965 (chaneli ya 1) hadi 27.405 (chaneli ya 40). Wimbi lake lina urefu wa karibu mita 11, na robo yake ni kama mita 2.7. Kijiti cha futi nne kilicho kwenye kioo chako cha pembeni ni robo hiyo ya wimbi, ila waya wake umezungushwa ili utoshe. Hiyo ni nusu moja tu ya antena. Nusu ya pili haiuzwi dukani, ni chuma cha gari lako. Chuma hicho kikikosa kuungana vizuri na braketi ya antena, nguvu inarudi kwenye kebo, inapita juu ya ganda lake na kuingia kabini. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha antena tatu mfululizo na tatizo likabaki palepale.

Fuata mpangilio huu kama ulivyo. Anayeanza kwa kukata antena kabla ya kukagua ethi, yaani huo muungano wa antena na chuma cha gari, hujikuta na antena fupi na tatizo lilelile.

Vifaa

Unahitaji maltimita ya kawaida, mita ya SWR ya CB (inaonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena), kipande cha kebo chenye plagi za PL-259 pande zote mbili kisichozidi mita 1, msasa, washa (pete bapa za bolti) zenye meno, na mkanda bapa wa waya uliosukwa, upana milimita 12 au zaidi. Ukipata mzigo wa majaribio wa omu 50 unaobeba angalau wati 5, nunua. Ni kitu kidogo cha kufunga mahali pa antena, na kinamaliza ubishi mwingi kama utakavyoona.

Anza na macho na mikono

Shika antena uitikise. Ikicheza kwenye braketi, kaza kwanza. Fuata kebo yote kutoka kwenye redio hadi nje. Mahali inapokufa zaidi ni kwenye bawaba ya mlango, ambako inabanwa kila mlango unapofungwa, na kwenye kona kali karibu na braketi. Kebo iliyokuwa ya duara ikawa bapa imekufa hata kama haijakatika, kwa sababu umbali kati ya waya wa kati na wavu wa nje umebadilika, na umbali huo ndio unaoipa kebo omu zake 50.

Fungua plagi ya upande wa nje. Shaba iliyogeuka kijani au nyeusi maana yake maji yameingia. Maji husafiri ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi, kwa hiyo kukata sentimita tano hakusaidii. Badilisha kebo nzima.

Umeme wa redio

Hii ni hatua fupi, lakini ina mtego mmoja. Washa injini, pima volti kwenye waya za redio huku umebonyeza maiki. Unatakiwa uone volti 13 na zaidi. Zikishuka zaidi ya nusu volti unapobonyeza, kuna muungano mbovu au waya mwembamba mno njiani. Redio ya wati 4 inakula takriban ampea 2, hivyo fyuzi yake ni ya ampea 2 au 3 kama kitabu chake kinavyosema. Ukikuta mtu ameweka fyuzi ya 10, itoe. Hapo waya utaungua kabla ya fyuzi.

Mtego ni huu: kwenye redio nyingi za CB, ganda la tundu la antena limeungana na negativu ndani ya redio. Waya mweusi ukiwa umelegea, redio inaweza kuendelea kuwaka kwa kuvuta negativu kupitia wavu wa kebo ya antena. Kila kitu kinaonekana kizima, ila kuna mvumo na sauti inakatika. Zima kila kitu, chomoa kebo ya antena, kisha washa redio bila kubonyeza maiki. Ikizima au taa zake zikififia, waya mweusi ndio mbovu.

Usibonyeze maiki redio ikiwa haina antena wala mzigo wa majaribio. Nguvu yote inarudi kwenye transista ya mwisho, na hiyo ndiyo ya gharama.

Kebo na braketi kwa maltimita

Weka maltimita kwenye omu. Gusisha ncha zake mbili kwanza uone waya zake zenyewe zina kiasi gani, kwa kawaida 0.2 au 0.3, utoe kiasi hicho kwenye vipimo vinavyofuata. Chomoa kebo kwenye redio, fungua antena utoe kijiti, braketi ibaki na kebo yake. Kisha pima mara tatu:

1. Pini ya kati ya plagi hadi kwenye bolti inayobeba antena: karibu na 0. Ukikosa mawasiliano, waya wa kati umekatika au haukulehemiwa vizuri ndani ya plagi.
2. Pini ya kati hadi ganda la plagi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Ukipata 0, kuna shoti.
3. Ganda la plagi hadi chuma kitupu cha bodi ya gari: chini ya omu 1.

Wakati unapima, mwambie mtu aikunje kebo kidogo kidogo mahali mbalimbali, hasa karibu na plagi. Namba ikirukaruka, umepata ugonjwa.

Kijiti kitolewe kwa sababu baadhi ya antena zenye koili (waya uliozungushwa) chini zimeundwa hivi kwamba maltimita inaona 0 kati ya kijiti na ethi. Hiyo si shoti, ndivyo zilivyo. Wengi wametupa antena nzima kwa kutojua hili.

Shoti kwenye kipimo cha pili mara nyingi inatokana na washa ya plastiki yenye kola kufungwa vibaya. Kanuni ni rahisi: bolti inayobeba antena isiguse braketi popote, na ganda la tundu la kebo liguse braketi kikamilifu. Kola ya plastiki lazima iingie ndani ya tundu la braketi ili kuizuia bolti isiguse ukingo wa tundu. Ikigeuzwa juu chini, au ikikazwa hadi ikapasuka, bolti inalalia chuma. Kama kebo yako ina pete mbili badala ya plagi, pete ya waya wa kati inakaa upande wa bolti, na ya wavu inakaa upande wa braketi.

Ethi: hapa ndipo penye kazi

Maltimita ikisema omu 0 kati ya braketi na chesisi, wengi hufunga kitabu. Maltimita inapima umeme wa betri, unaokwenda njia moja bila kuyumba. Umeme wa CB unageuka mara milioni 27 kwa sekunde, na kwake waya ni kitu kingine kabisa. Waya mweusi wa mita 2.7 uliofungwa kwenye chesisi ni robo ya wimbi, na upande wa pili, pale kwenye braketi, unaonekana kama waya uliokatika. Maltimita itasema 0 huku antena haina ethi. Kwa hiyo kuvuta waya mrefu hadi betri, kazi ambayo hata mafundi wa umeme wa magari huifanya kwa nia njema, haikusaidii chochote kwa antena. Ethi ya antena inatakiwa iwe fupi, pana, na ifungwe palepale braketi ilipo.

Sasa tazama braketi imefungwa wapi. Kwenye malori ya Marekani iko mara nyingi kwenye mkono wa kioo cha pembeni, na mkono huo umeshikwa na mlango, na mlango umeshikwa na bawaba zilizojaa grisi na rangi, na kabini yenyewe imelalia mipira na mifuko ya hewa. Njia ya ethi ina makutano manne, na kila moja linaweza kuwa limekatika. Isitoshe, kabini ya Freightliner Cascadia ni ya alumini, ya Volvo VNL ni ya chuma, na boneti za malori mengi ya sasa ni za plastiki ngumu. Chuma kilichopakwa rangi na kufungwa kwenye plastiki hakina ethi hata kikikazwa vipi.

Rekebisha hivi:

Ondoa braketi. Kwaruza rangi kwa msasa hadi chuma kitupu kionekane, duara la sentimita 2 au 3 kuzunguka tundu la bolti, kwenye braketi na kwenye kile kinachoishika. Weka washa yenye meno katikati, kaza. Kama chuma ni alumini, fanya haraka: ngozi ya oksidi inarudi mara moja baada ya kukwaruza, hivyo paka grisi nyembamba ya umeme au vaselini na ukaze palepale. Baada ya kukaza, paka rangi au grisi nje ya muungano kuzuia maji. Shaba tupu usiifunge moja kwa moja kwenye alumini, maana maji ya chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi yataila alumini. Tumia mkanda wa shaba uliopakwa bati.

Halafu ruka makutano yasiyoaminika kwa mkanda uliosukwa. Kipande kimoja kutoka braketi hadi chuma cha mlango. Kingine kutoka mlango hadi kabini, kikipita pembeni ya bawaba, na kilegee kiasi cha kuruhusu mlango kufunguka wote. Cha tatu kutoka kabini hadi chesisi. Kila kipande kiwe kifupi iwezekanavyo, chini ya sentimita 30 ukiweza. Hapa upana una thamani kuliko unene, kwa kuwa umeme wa masafa haya unapita juu ya ngozi ya waya tu.

Jaribio la kujua kama ethi imepatikana ni rahisi na halidanganyi. Pima SWR, kisha ongeza kipande kingine cha kebo cha mita 1 kati ya mita na kebo ya antena, upime tena. Ethi ikiwa nzuri, namba haitabadilika sana. Ikibadilika, au ikicheza unaposhika kebo kwa mkono, nguvu inatembea juu ya ganda la kebo kwa sababu haikupata chuma cha gari. Hapo ndipo ulipotoka ule msemo wa madereva kwamba kebo lazima iwe futi 18. Pale penye ethi nzuri, urefu wa kebo hauna shida. Pale pasipo na ethi, kebo inageuka sehemu ya antena, na kila urefu unatoa namba yake.

Antena ya sumaku haihitaji kukwaruza rangi. Inaungana na paa kupitia rangi yenyewe, kama vile sahani mbili zilizokaribiana. Lakini inahitaji paa la chuma pana, na haishiki alumini: si Cascadia, si Ford F-150 ya kuanzia mwaka wa modeli 2015. Kama gari lako halina chuma cha maana mahali popote karibu na antena, nunua seti isiyohitaji ethi. Seti hizo huja na kebo yake maalumu, na kebo hiyo usiikate wala usiichanganye na antena ya kawaida.

Kupima SWR

Lori liwe mahali pa wazi, mbali na ukuta, paa la kituo cha mafuta na malori mengine. Milango na boneti zifungwe. Kama kazi yako ni ya kuvuta trela, pima trela ikiwa imefungwa, kwa sababu ukuta wake ni sehemu ya mazingira ya antena. Mita ikae kati ya redio na kebo ya antena, upande wa redio.

Chaneli ya 1. Swichi ya mita iwe upande wa nguvu inayokwenda, bonyeza maiki bila kuongea, zungusha kitufe hadi mshale ufike kwenye alama ya kuanzia. Geuza swichi upande wa nguvu inayorudi, soma, achia maiki. Sekunde tatu au nne zinatosha. Rudia chaneli ya 20 na ya 40, na kila chaneli uanze upya na kitufe. Andika namba tatu. Kabla ya kubonyeza, sikiliza. Chaneli ya 9 ni ya dharura, usifanyie majaribio.

SWR ya 1.5 inamaanisha asilimia 4 tu ya nguvu inarudi. Ya 2 ni asilimia 11. Ya 3 ni robo nzima, na hapo uache kuongea hadi utengeneze. Mtu mwenye 1.4 anayehangaika kutafuta 1.1 anapoteza jioni yake bure, maana hakuna sikio litakaloijua tofauti hiyo.

Namba zinasema nini

Chaneli ya 1 ikiwa juu kuliko ya 40, antena ni fupi. Chaneli ya 40 ikiwa juu kuliko ya 1, antena ni ndefu. Zote zikiwa juu, 3 na kuendelea, usiguse urefu: ni shoti, kebo, au ethi. Rudi juu.

Hapa ndipo mzigo wa omu 50 unapofaa. Ufunge moja kwa moja nyuma ya mita: ukipata karibu na 1, redio, mita na kipande kifupi ni vizima. Kisha upeleke mwisho wa kebo ya antena, mahali pa braketi. Ukipata 1 tena, kebo ni nzima, na mwizi yuko kwenye braketi, ethi au antena. Lakini kumbuka kwamba mzigo huo una SWR safi kabisa na hautoi sauti hata ng'ambo ya barabara. Vivyo hivyo kebo iliyolowa maji: inameza nguvu ikienda na ikirudi, mita inaonyesha namba ya kupendeza, na hakuna anayekusikia.

Kurekebisha urefu: antena za fibaglasi zenye skrubu kichwani, kama Firestik II, zungusha nusu mzunguko, rudisha kofia yake, pima. Kofia ikitolewa wakati wa kupima na kurudishwa baadaye, namba zitabadilika. Antena za ncha ya chuma zinazoshikwa na skrubu ndogo, sogeza milimita 6 kila mara. Ikibidi kukata, kata milimita 3, upime, ukate tena. Kilichokatwa hakirudi. Antena ikiwa fupi hata baada ya kuivuta yote, springi chini yake inaongeza sentimita chache. Springi nzuri ina mkanda wa waya ndani. Mkanda ukikatika, SWR itakuwa nzuri ukiwa umeegesha na kuruka ukiwa barabarani.

Sehemu yenye koili iwe juu ya paa. Koili ikijificha nyuma ya kabini, unarusha nguvu kwenye ukuta wako mwenyewe.

Antena mbili

Antena pacha kwenye vioo viwili zinatumia kebo ya aina nyingine, RG-59 ya omu 75, vipande viwili vya urefu sawa vinavyokutana kwenye kiungo cha T. Mtu akiweka RG-58, kebo ya kawaida ya omu 50, au akitumia kebo pacha na antena moja, SWR haitakaa sawa kamwe. Kupima kwa maltimita, tenganisha kwanza kwenye kiungo, maana upande mmoja wenye shoti unaonekana kama pande zote ni mbovu. Kurekebisha, zungusha antena zote mbili kiasi kilekile. Kusema kweli, upana wa lori ni karibu mita 2.6, unatosha kwa shida. Kwenye pikapu antena mbili ni urembo tu.

Malori mengi yanatoka kiwandani na antena moja inayohudumia redio ya muziki na CB pamoja, zikigawanywa na kisanduku kidogo ndani ya dari. Kisanduku hicho kikiharibika, SWR inapanda na redio ya muziki inakwaruza. Kiruke kwa kebo mpya ya moja kwa moja, upime. Tatizo likiisha, umemjua mhalifu.

Kelele

Injini ikiwaka na kelele zikija, chomoa antena bila kubonyeza maiki. Kelele zikikatika, zinaingia kwa antena: tafuta boneti ya chuma au bomba la moshi lisilo na mkanda wa ethi, au chaja ya simu ya bei rahisi, ambayo siku hizi ndiyo msumbufu mkuu. Zikibaki, zinaingia kwa waya wa umeme: peleka waya mwekundu na mweusi moja kwa moja kwenye betri, kila mmoja na fyuzi yake, na uzifunge pete ya feraiti karibu na redio. Mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini ni altaneta.

Ukiipeleka redio nyumbani

Malori ya Afrika Mashariki kwa wingi ni ya volti 24, na redio ya CB iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 12. Usichukue umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo itakuwa ikishushwa peke yake huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Weka kipunguza volti cha 24 kwenda 12 chenye uwezo wa ampea 5, kiwe mbali na kebo ya antena, kwani vingi vina kelele zake vyenyewe. Na kabla ya kufunga chochote, uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Uhuru wa kutumia CB bila leseni binafsi uliouzoea Marekani na Kanada hauvuki mpaka pamoja na redio.